Gia ya kwenye usukani inagoma, steringi ina plei: namna ya kutafuta tatizo kwenye Hilux na Hiace za zamani

Kama unamiliki Hilux ya miaka ya sabini au Hiace ya zamani, zile ambazo mkono wa gia upo pembeni ya usukani, na uko huku kwetu Mbeya, Njombe au Iringa, soma hii mpaka mwisho kabla hujampa mtu hela. Hizi gari bado zipo, zinabeba viazi toka Umalila na Isyonje, zinabeba mbao Mafinga, na matatizo yake ni yale yale, gia inagoma kuingia, au inaingia halafu inaruka, au steringi unaizungusha kushoto kulia na tairi bado halijajua kama kuna kitu kinaendelea. Ukienda gereji jibu la haraka ni giaboksi imekufa, au steringi boksi imekwisha, tafuta nyingine. Mimi nasema subiri kwanza, maana mara nyingi sana kilichokufa ni bushi moja ya bei ndogo, kile kijipete cha plastiki au raba kwenye maungio, ambayo hakuna mtu amelala chini kuiangalia.

Kuna pikapu moja ya jirani yangu Uyole, giaboksi ilishushwa mara mbili kwenye gereji ambayo sitaitaja, ikafunguliwa, ikafungwa, na gia ya pili bado ikawa haiingii. Kumbe tundu la rodi ya gia kule chini ya kolamu, yaani lile bomba linaloshika shafti ya usukani, lilikuwa limelika mpaka limekuwa la yai. Kazi ya mchana mmoja hiyo. Ndo maana nasisitiza kufuata mpangilio, unaanzia mkononi mwa dereva unashuka maungio kwa maungio, giaboksi na steringi boksi vinakuja mwisho.

Na huku kwetu hili sio jambo la kuliahirisha. Ukishuka Kitonga una mzigo na gia ikaruka ikarudi frii, yaani hakuna gia iliyoingia, umebaki na breki peke yake, na breki za gari la umri huo zikishapata moto hazina msaada. Mlima Nyoka hivo hivo, barabara ya Chunya hivo hivo. Gari ambayo gia inaruka usiipandishe mlima kabisa mpaka umejua sababu.

Elewa kwanza kinachotokea ukishika gia

Mkono wa gia unafanya kazi mbili tofauti. Ukiuvuta kuja kwako au ukiuacha ulale unachagua njia, yaani njia ya moja na mbili au njia ya tatu na nne. Ukiupandisha au kuushusha ndo unaingiza gia yenyewe. Kazi hizo mbili zinashushwa na shafti inayokwenda sambamba na kolamu, na kule chini karibu na steringi boksi utakuta vimikono viwili vya chuma, kila kimoja kina rodi yake inayoelekea ubavuni mwa giaboksi. Kila panapoungana kitu na kitu pana bushi, ya plastiki au ya raba, pamoja na washa na klipu au splitpini ya kuzuia. Bushi moja ikilika kidogo hutasikia kitu. Zikilika zote mkono unaning'inia kama mkia wa ng'ombe, unaupeleka mpaka mwisho wake lakini kule kwenye giaboksi umefika nusu tu.

Usidanganywe kwamba gia ya usukani ni teknolojia mbovu. Peugeot 404 ilitoka kiwandani na gia ya usukani na ilishinda Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na hizo mbili za katikati aliyekuwa anaendesha ni Bert Shankland, dereva aliyeishi hapa hapa Tanzania, akiwa na Chris Rothwell. Mfumo ni mzuri sana ila unataka grisi na bushi nzima.

Hatua ya kwanza: jua kama ni klachi, ni rodi, au ni giaboksi

Hapa hauhitaji spana hata moja. Simamisha gari sehemu tambarare, piga hendibreki, weka kigingi tairi za nyuma, zima injini. Kanyaga klachi, ingiza gia zote moja baada ya nyingine. Halafu washa injini, kanyaga klachi mpaka chini, jaribu tena.

Injini imezimwa gia zote zinaingia vizuri, ukiwasha zinagoma au zinakwaruza, hapo tatizo ni klachi haiachii. Kuthibitisha, kanyaga klachi, subiri sekunde kama tano bila kugusa kitu, halafu ingiza rivasi taratibu. Rivasi ya giaboksi hizi haina sinkro, yaani zile ringi za kulinganisha mwendo wa gia kabla haijaingia, kwa hiyo haifichi kitu, kama bado inakwaruza baada ya kusubiri ujue klachi inaburuza. Angalia kikopo cha fluidi, angalia masta silinda kwa ndani pale juu ya pedo kama pamelowa, angalia silinda ya chini pale kwenye giaboksi funua ile raba ya vumbi, ikichuruzika fluidi umeshapata jibu. Badilisha mipira yake, toa upepo, jaribu tena. Mambo ya kolamu unaachana nayo.

Injini imezimwa na bado gia moja au mbili zinagoma, hapo ni rodi na bushi, au ni ndani ya giaboksi. Endelea hatua ya pili.

Kuna hili la baridi pia. Mwezi wa sita na wa saba Njombe na Makete asubuhi gia inakuwa nzito ajabu, halafu ukishatembea kilomita chache inalainika yenyewe. Hiyo ni oili ya giaboksi imeganda, sio ugonjwa. Ila hakikisha oili iliyomo ni ile ambayo kitabu cha gari kinataka, kwenye giaboksi hizi ni namba 90 ya GL-4. Dukani watakupa GL-5 kwa sababu ndo iko nyingi, hiyo ni nzuri kwa difu, ila baadhi ya dawa zilizomo zinaweza kula zile ringi za shaba za sinkro. Soma kopo kabla hujalipa.

Hatua ya pili: lala chini, weka vidole kwenye maungio

Kama lazima uinue gari usikubali kulala chini ya jeki peke yake, weka stendi au magogo mazito chini ya chasi. Mtu mmoja akae kwenye siti achezeshe mkono wa gia taratibu, juu chini, halafu kuja kwake na kurudi, injini imezimwa muda wote.

Wewe ukiwa chini usiangalie tu, shika. Kidole gumba kiguse rodi, kidole cha shahada kiguse kile kimikono ambacho rodi imeungwa nacho. Mwenzio akichezesha gia utasikia kidole kimoja kinatangulia na kingine kinafuata kwa kuchelewa. Kuchelewa huko ndo plei yenyewe. Bushi nzima vidole vyote viwili vinaondoka pamoja. Macho yanadanganywa na uchafu na grisi kavu ila kidole hakidanganyiki. Nenda hivo maungio yote, kuanzia yale ya chini ya kolamu mpaka ya mwisho pale giaboksi, na kila panapochelewa piga alama ya chaki.

Kwenye Hilux sehemu ya chini ya kolamu unaifikia vizuri ukifungua boneti, kwenye Hiace mengi utayafanyia chini.

Halafu panda juu, angalia pini ambayo mkono wa gia unabembea pale chini ya usukani. Ile pini na bushi yake watu wanaisahau kabisa. Mkono ukiwa unacheza kabla hata shafti haijageuka, kosa lipo hapo juu, na rodi za chini unaweza kuzirekebisha mwaka mzima usipate kitu.

Hatua ya tatu: chomoa rodi uiulize giaboksi yenyewe

Hii ndo hatua itakayokuokolea hela. Kabla hujachomoa, piga rangi kidogo au mkwaruzo pale rodi inapokaa kwenye nati zake, ili urefu wake usipotee. Halafu toa klipu, chomoa rodi zote mbili upande wa giaboksi. Kumbuka gari sasa haishikiliwi na gia kabisa, vile vigingi vya tairi usiviguse.

Sasa shika vile vimikono vya giaboksi kwa mkono au kwa spana, chagua njia, ingiza gia, toa, ingiza nyingine. Zikiingia zote safi kwa mlio ule wa kukaa mahali pake, giaboksi yako ni nzima, asikushushie mtu. Zikigoma hata hapo, basi sasa ndo kuna haki ya kuzungumzia kufungua giaboksi.

Kwa gia inayoruka fanya hivi, rodi zikiwa zimefungwa. Ingiza ile gia inayosumbua, tuseme ya tatu, kwa mkono wa kawaida kama unaendesha. Nenda chini, shika kimikono cha giaboksi ukisukume kuelekea kule kule kilikokwenda. Kikiendelea kwenda mbele zaidi, maana yake gia ilikuwa haijaingia yote, rodi haifikishi, ni bushi au ni urefu wa rodi. Kikiwa kimeshafika mwisho na bado gia inaruka ukiendesha, angalia maunti za injini na giaboksi kwanza, maana raba ikikatika injini inainuka ukikanyaga mafuta na inavuta rodi za gia bila wewe kugusa kitu. Maunti zikiwa nzima ndo tatizo lipo ndani, ni springi na gololi za kuzuia au meno ya gia yamelika, na hiyo ni kazi ya fundi wa giaboksi.

Hatua ya nne: bushi, matundu na kuseti

Bushi za dukani zikikosekana, na kwa gari za umri huu zitakosekana, usikate tamaa. Chukua pini na kimikono chenyewe, nenda navyo kwa mkereza vyuma, pale Sido Mwanjelwa au popote penye mashine ya kukereza, mwambie akukerezee bushi za naironi ngumu. Zikae kwa kubana kidogo kwenye tundu na zizunguke huru kwenye pini. Shaba pia inafaa ila inataka grisi mara kwa mara. Kitu ambacho sikishauri ni raba ya tairi iliyokatwa kwa kisu, ile inabonyea, siku mbili tatu unafurahia halafu gia inarudi kuwa ya kubahatisha.

Tundu likishakuwa la yai bushi mpya haitasaidia, lijazwe kwa kuchomelea halafu litobolewe upya kwa drili kwa kipimo cha duara. Na pini iliyolika upande mmoja itupwe.

Ukishafunga bushi, seti. Weka vimikono vya giaboksi frii, weka mkono wa gia frii pale usawa anaoupenda dereva, kisha rekebisha urefu wa rodi mpaka iingie kwenye tundu lake yenyewe bila kulazimisha upande wowote. Ukiona unaisukuma ndo iingie, bado. Kaza nati za kufungia huku umeishika rodi isizunguke, weka klipu mpya, pitisha gia zote tena. Grisi weka kiasi, futa inayomwagika, kwa sababu vumbi la huku likinasa kwenye grisi ya nje linakula bushi haraka kuliko hata ingekaa kavu.

Ikitokea gia imenasa barabarani kabla hujatengeneza, toka pembeni kabisa, zima injini, weka mawe kwenye tairi, halafu rudisha vile vimikono frii kwa mkono. Usivute mkono wa gia kwa nguvu za miguu kwenye dashibodi, utapinda shafti na hiyo huipati dukani.

Sasa steringi

Mpangilio ni ule ule wa vidole, ila gari iwe imesimama kwenye tairi zake, usiinue, maana uzito wa gari ndo unaonyesha plei. Tairi zinyooke mbele. Zungusha usukani taratibu mpaka uone tairi linaanza kusogea, pima umbali ule kwenye ukingo wa usukani. Toyota hizi zinaruhusu mpaka milimita 30 hivi. Zaidi ya hapo kuna kitu.

Mwenzio aendelee kuzungusha kidogo kidogo kushoto kulia, wewe fuata njia. Anza juu: shika usukani wenyewe uuinue na kuushusha, ukicheza ni bushi au beringi ya juu ya kolamu, au ni bolti za kolamu chini ya dashibodi zimelegea, hizo kaza kabla ya kitu chochote. Shuka: kama kolamu yako ina kaplingi ya raba kabla ya boksi, angalia kama raba imepasuka au matundu ya bolti yamepanuka. Halafu shafti inayoingia kwenye boksi na ile inayotoka chini yake. Ya juu ikigeuka na ya chini ikachelewa, plei iko kwenye boksi. Zikienda pamoja, boksi haina kosa, endelea: pitimani (ule mkono wa shafti inayotoka chini ya boksi), rodi ya kati, aidla (mkono unaoshikilia rodi ya kati) upande wa pili, tairodi, bolijointi, beringi za tairi. Aidla ndo mshukiwa namba moja kwenye gari zilizopita sana barabara za vumbi, na ni rahisi kuijua, inapanda na kushuka badala ya kugeuka tu.

Kama gari yako ni Land Rover 109, kuna rilei, kiungo cha kupitisha mzunguko wa steringi, imekaa ndani ya memba ya mbele ya chasi, hiyo nayo ikaguliwe. Peugeot 404 haina boksi, ina reki, yaani chuma kilichonyooka chenye meno, kwa hiyo hiki nitakachosema sasa hivi hakiihusu.

Boksi ikiwa ndo ina plei, kwanza toa plagi uangalie oili. Boksi nyingi huku zimekauka kwa sababu sili inavuja na mtu akajaza grisi, grisi inasukumwa pembeni na hairudi kwenye gololi. Oili ya gia namba 90 ndo yake. Halafu juu ya boksi kuna skrubu yenye nati ya kufungia. Tairi zikiwa zimenyooka mbele, na ikiwezekana rodi imechomolewa kwenye pitimani, legeza nati, kaza skrubu robo mzunguko tu, funga nati, zungusha usukani toka mwisho mpaka mwisho. Ukisikia panabana popote, rudisha. Usiseti ukiwa umekata kona, boksi hizi zimetengenezwa zibane zaidi katikati, ukiondoa plei pembeni, ukirudi katikati itakaza, steringi haitarudi yenyewe baada ya kona na boksi itakufa kweli safari hii.

Na hapa naomba nieleweke: vya gia vinachomelewa, vya steringi havichomelewi. Pitimani, tairodi, mkono wa aidla, hata awe mchomeleaji hodari wa mkoa mzima, hapana. Chuma chake kimepikwa kiwandani, moto wa kuchomelea unakiharibu na kinakatika bila taarifa. Tafuta spea, hata iliyotumika ambayo haina ufa, na pitimani uitoe kwa pula sio kwa nyundo, uweke alama kwenye splaini, yale meno ya shafti, kabla haijatoka.

Ukilazimika kutoa usukani, chomoa waya wa betri kwanza, toa kitufe cha honi, piga alama kati ya usukani na shafti. Halafu legeza nati kubwa ya katikati ila usiitoe yote, iache imeshika nyuzi tatu nne, ndo uvute. Usukani ulioganda miaka arobaini ukiachia unaachia ghafla, na ile nati ndo inauzuia usije usoni. Ukiwa umeufungua, angalia waya wa honi, ukichubuka unagusa kolamu na honi itakuwa inalia kila ukikata kona, hilo ni la kufunga tepu tu.

Steringi nzito mara nyingi ni upepo mdogo wa tairi za mbele au bolijointi zisizopigwa grisi. Piga grisi kwenye chuchu zote mpaka ya zamani itoke, ndo uanze kulaumu kolamu.

Kama gari yako ina loki ya steringi kwenye swichi, usizime ukachomoa funguo kwenye mteremko ili kuokoa mafuta. Kuna madereva wanafanya hivyo mpaka leo. Usukani ukijifunga kwenye kona hakuna fundi atakayekusaidia.

Ukimaliza kila kitu, jaribu sehemu tambarare isiyo na magari, gia zote, kona zote, breki, kwanza bila mzigo. Ukitembea kama kilomita 100 rudi chini na spana, kagua nati za rodi, nati ya pitimani na kila splitpini kama ipo na imekunjwa pande zote mbili. Bushi mpya za naironi zinakaa kidogo baada ya kuanza kazi, kwa hiyo urefu wa rodi utahitaji kuguswa tena kidogo, baada ya hapo ndo pakia viazi.